Winga wa Paragwai na Mwito wa Ng'ambo

Jumanne, tarehe mbili Juni, mwaka wa 1953, ndiyo siku mambo yangu yalipoharibika. Tarehe hiyo siikosei, maana serikali yenyewe iliiandika kwa rangi nyeupe juu ya ubao, ikaupigilia kwenye kivuko cha Garsen. Malkia anatawazwa huko Ulaya. Na sisi wavuta kamba wa kivuko tukaambiwa tufurahi.

Mto ulikuwa umefura. Maji ya bara yalikuwa yakishuka juma zima, mekundu, yanabeba miti mizima na mizizi yake, na mara mojamoja mbuzi aliyevimba. Mke wangu Mwanaarusi alikuwa ng'ambo, nyumbani kwetu kwenye mashamba, ameshikwa na kichomi. Mimi nilikuwa upande wa Garsen tangu Jumatatu, kwa amri, napaka chokaa nguzo za kivuko ili zipendeze macho ya wageni.

Alfajiri jirani yetu Arafa alisimama ukingo wa ng'ambo akaniita. Aliita mara tatu, kama inavyotakiwa kwetu, ndipo nikamwitikia.

"Mwanaarusi hapumui vizuri!" alipaza sauti juu ya maji. "Mvushe leo, Godhana! Mbavu zinamkata!"

Na dresa, yule mtu wa dawa wa serikali, alikuwapo. Hilo ndilo linaloniunguza mpaka leo. Alikuwa amekuja na wakubwa kwa ajili ya sherehe, akafungiwa turubai hatua hamsini kutoka kivukoni, na sanduku lake la sindano. Nilimwona kwa macho yangu amekaa juu ya sanduku hilo anakula ndizi. Kati ya mke wangu na sindano hapakuwa na kitu ila mto, na juu ya mto kulikuwa na kivuko ambacho navuta kwa mikono yangu mwenyewe.

Nikaenda kwa chifu.

"Kivuko kimepambwa," akasema. "Kinamngoja Bwana D.O. na wageni wake saa kumi na moja, mpira ukiisha. Hakiendi kokote na bendera zile."

"Basi nipe mtumbwi, chifu."

"Mitumbwi imefungwa mnyororo. Ni amri. Hatutaki mtu azame leo atuharibie shughuli."

"Mke wangu anakufa."

Akacheka, akawatazama wazee waliokaa naye ili nao wacheke. "Godhana, leo siku ya Malkia. Leo hakuna ruhusa ya kufa. Nenda kacheze mpira wako. Ukiisha, utavuka wa kwanza."

Wakacheka. Na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka kidogo pamoja nao, maana miaka ile mtu aliyemfokea chifu alipelekwa mahali ambapo watu wake hawakupajua. Nikaamini lile neno, utavuka wa kwanza. Nikaenda kuvaa fulana ya golikipa.

Sasa lazima niseme habari za huyo mtu aliyetufundisha mpira, kwa sababu bila yeye siku hiyo haielezeki.

Jina lake Evaristo. Watu wakamwita Varisto. Alikuja Garsen mwaka wa 1950 kuwinda mamba kwa ajili ya ngozi, ameajiriwa na tajiri mmoja wa Mombasa. Hakuwa mweupe kama Wazungu wetu. Alikuwa rangi ya chai yenye maziwa mengi, nywele nyeusi zimelala, na goti la kulia limevimba kama fundo la mti. Alitembea na fimbo. Wazungu hawakumkalisha mezani kwao, na sisi hatukujua tumkalishe wapi, basi akawa anakaa kivukoni. Anakaa juu ya kamba, anavuta sigara, na sisi tunavuta kivuko.

Kwao ni Paragwai. Alituambia nchi hiyo haina bahari, ina mito tu, na mto wa kwao ni mwekundu kama Tana yetu hii, una mamba wadogo wasiofika kiuno cha mtu. Alicheza mpira mchangani, ukingoni, pekupeku. Alipotimiza miaka kumi na sita wakaja watu wa mji mkuu, wakampakia kwenye meli ya mto siku tatu, wakampa viatu. Vile viatu vilimuuma hata akavivua katikati ya mchezo akafunga goli bila viatu. Refa akalikataa goli.

"Refa mbaya," alisema Varisto. "Miaka ishirini mimi bado kasirika."

Baadaye timu ya Ajentina ikamnunua. Alikuwa winga wa kulia. Alikuwa na karatasi ya gazeti, ameikunja ndani ya kopo la risasi, na mle yupo yeye, kijana, ameruka juu, mkono mmoja ameuinua kuwasalimu watu. Nyuma yake vichwa, vichwa, vichwa, mpaka karatasi inaisha. Watu elfu arobaini, alisema. Nikamuuliza watu elfu arobaini wakiita jina lako inasikikaje. Akafikiri. Kisha akanyoosha fimbo yake mtoni, maji yalikuwa yameanza kupanda siku hiyo.

"Kama hii," akasema. "Kwanza mbali. Halafu iko ndani ya mfupa."

Goti liliharibika mapema. Lakini wenye timu walikuwa na daktari, na daktari alikuwa na sindano. Kila Jumapili anachomwa, anacheza, Jumatatu hawezi kushuka kitandani. Miaka miwili. Wakubwa wale walijua. Mwisho mwenyewe akakataa. Siku ya mchezo mkubwa alivaa suti, akakaa jukwaani kama mtazamaji, kofia ameishusha usoni. Mtu mmoja akamtambua. Akaita jina lake. Wa pili akaita. Kidogo uwanja mzima unaita. Na wakubwa wakaja pale alipokaa, na jezi mkononi, na daktari nyuma yao, wanatabasamu.

"Ukasimama?" nikamuuliza.

"Mimi hapana jua kukaa wakiita mimi."

Alifunga goli moja, akaanguka, na huo ndio ukawa mwisho wa mpira wake. Barua ya kumfukuza ilifika kabla bandeji haijafunguliwa. Akaenda melini kusukuma makaa, meli ikamtupa Mombasa, Mombasa ikamtupa kwetu.

Mimi nilimpenda mtu yule. Wakubwa walikuwa wamemtumia kama kamba, na mimi kamba naijua.

Nilimfundisha desturi yetu. Sisi watu wa mto, maji yakijaa, anayeita kutoka ng'ambo haitikiwi mpaka aite mara ya tatu. Waliochukuliwa na mto nao huita. Huita kwa sauti ya mtu unayempenda, na jina lako hawalikosei. Lakini pumzi yao ni fupi. Huita mara moja, wakijikaza sana mara mbili, ya tatu hawaifikii. Ukiitika kabla ya hiyo ya tatu, basi umekwenda. Ndiyo maana kila msafiri wa huku huita tatu za harakaharaka, ajulikane kuwa ni mzima.

Varisto alicheka mpaka akakohoa. "Kwetu mtu akiita moja, wewe nakwenda."

"Ndiyo maana una goti hilo," nikamwambia.

Wavuta kamba wote wakacheka, na yeye akacheka kuliko wote. Lakini nilimwona tangu siku ile. Mto ukipanda alikuwa akinyamaza ghafla, katikati ya maneno, anageuza sikio majini kama mtu anayesikia ngoma ya harusi ya mbali.

"Nini?" nauliza.

"Uwanja," anasema. "Umejaa leo."

Turudi siku yenyewe. Mpira ulianza saa tisa. Upande mmoja askari na makarani wa serikali, upande mmoja sisi wa kivuko na vijana wa mashamba. Uwanja ulikuwa kwenye mwinuko juu ya bandari, pale kivuko kinapofunga, kwa hiyo nikisimama golini nauona mto wote mbele yangu. Bwana D.O., Mzungu wa serikali aliyetusimamia, alitaka wageni wake wamwone mtu aliyecheza Ajentina, basi wakamlazimisha Varisto aingie. Aliingia na fimbo yake. Alisimama pembeni, upande wa kulia, hakimbii, mpira ukimfikia anaugusa mara moja tu, nao unakwenda mahali ambapo hakuna aliyekuwa amepaona. Hata askari walipiga makofi.

Mimi sikuwa naangalia mpira. Nilikuwa naangalia jua. Nilihesabu: bado saa moja, bado nusu, kisha navuka, namleta, dresa huyu hapa.

Tulikuwa tumefungana moja kwa moja. Upepo ukakatika. Sijui niseme vipi. Bendera zilizokuwa zinapepea juu ya kivuko zililala zote pamoja. Vyura waliokuwa wakilia mabwawani wakanyamaza. Jua lilikuwa kali, mchana mweupe kabisa, na mimi nikahisi baridi kwenye meno.

Kisha ng'ambo pakaitwa.

"Godhana weee!"

Ilikuwa sauti ya Mwanaarusi. Miaka kumi na minne nimelala nayo, siwezi kuikosea. Alikuwa bandarini upande wa pili, amesimama, amejitanda leso. Moyo wangu ukaruka: ameinuka! Ameweza kufika majini!

Mdomo wangu ukafunguka, nikaufunga kwa mkono. Moja.

"Godhana weee."

Ya pili ilikuwa ndogo, kama mtu anayeita huku anakaa chini. Wenzangu wote wa kivuko waliokuwa uwanjani walisimama wima. Hakuna aliyenitazama. Tulikuwa tunangoja ile ya tatu. Nikasema moyoni, ita, mke wangu, ita mara moja tu. Na moyo wangu mwingine ukasema, ana kichomi huyu, ya tatu ataitoa wapi? Mzima mwenye kichomi na mfu wa mtoni wana pumzi sawa. Desturi ya wazee haikusema mtu afanye nini hapo.

Mpira ukapita pembeni yangu ukaingia golini. Sikuuona. Niliisikia filimbi tu, na chifu anapiga kelele, "Golikipa amelala! Mtoeni!"

Ndipo nikamwona Varisto. Alikuwa ametugeukia, uso wake umekuwa wa kijana. Sisemi alifurahi. Nasema mikunjo haikuwapo.

"Nyinyi nasikia?" akasema. "Wanaita mimi."

Alikuwa ametupa fimbo. Akakimbia. Watu mia tatu waliona, waulizeni: hakuchechemea. Alikimbia kama maji, kwenye mstari wa pembeni, mabega yameinama kidogo, akateremka ule ukingo mpaka kwenye mitumbwi. Askari wa zamu pale alikuwa Mwaringa, na mnyororo ulikuwa mkononi mwake. Baadaye walimuuliza kwa nini alimfungulia. Alijibu, "Nilidhani ameitwa na wakubwa. Alikuja kama mtu aliyeitwa."

Mimi nilikimbia nyuma yake. Askari wawili wakanishika ukingoni. Huyo hawakumzuia, wakanizuia mimi.

Alivuka amesimama, anasukuma pondo. Mto ule, siku ile, wavuta kamba wanne hawangeuvuka kwa mtumbwi mmoja. Yeye alikwenda moja kwa moja kana kwamba maji ni nyasi. Alifika. Yule mwenye leso akaingia, akakaa mbele, ametugeuzia mgongo. Mtumbwi ukageuka kurudi. Watu wakaanza kushangilia, mimi nikaanza kulia. Nikamwita dresa atayarishe sindano, na dresa, namshukuru kwa hilo tu, akafungua sanduku.

Walifika katikati. Hapo Varisto akageuza uso upande wa bahari, ambako hapakuwa na kitu ila maji. Akauinua mkono mmoja juu. Nao ulikuwa mkono uleule wa kwenye gazeti.

Mti mkubwa ukapita kati yetu na wao, matawi na majani. Ulipopita, mtumbwi ulikuwa unakuja. Haukupinduka. Haukuyumba. Ulikuja bila mtu, kidogo kidogo, ukikata mkondo, ukagusa mchanga mbele ya miguu yangu kama umefungwa kamba tunayoivuta sisi. Ndani palikuwa pakavu, pondo limelazwa vizuri. Ila ubao wa mbele, pale alipokaa yule, ulikuwa umelowa, na maji yalikuwa bado yanachuruzika.

Sasa sikilizeni. Hapo ndipo ruhusa ilipopatikana. Bwana D.O. alisimama kwenye kiti chake akapiga kelele, kivuko kitolewe mara moja, Mzungu amezama. Bendera zikang'olewa kwa dakika moja. Ile amri iliyokuwa ngumu kama jiwe tangu alfajiri ikayeyuka kama sukari. Varisto, ambaye hawakumpa kiti miaka mitatu, siku hiyo akawa Mzungu.

Tulivuta. Viganja vyangu vilichanika na sikuhisi. Wenzangu walitazama majini, mimi nilitazama bandari ya ng'ambo. Haikuwa na mtu. Matope pale yalikuwa laini, yamelala sawasawa, hayana unyayo hata mmoja.

Nyumbani nilimkuta Arafa mlangoni, macho yamemvimba. Nilijua kabla hajasema.

"Pole, Godhana. Alikwenda kabla ya adhuhuri."

"Uongo. Ameniita sasa hivi. Nimemwona bandarini."

"Nani umwone? Tumeshamwosha. Yuko ndani, tumemfunika, hatujatoka hapa hata mmoja wetu." Akanishika mkono. "Kukuita, ndiyo, alikuita. Asubuhi yote, lakini kwa ndani, kwa sauti ya chini. Alikuwa anauliza kivuko kimefika wapi."

Niliingia nikafunua uso. Ulikuwa na baridi ya saa nyingi.

Basi sikumuua mimi kwa kungoja mwito wa tatu. Watu waliniambia hivyo ili kunipoza, na ni kweli, nilipokuwa nimesimama golini yeye alikuwa ameshakufa. Aliuawa na asubuhi, na ile asubuhi ilikuwa mali ya wakubwa. Lakini mtu akiniambia nisimwaze aliyesimama bandarini na leso ya mke wangu, huyo hajaoa.

Varisto hakuonekana. Watu wa Kipini, mto unapoishia, waliangalia juma zima kwenye mikoko. Hata kiatu hakikupatikana. Ikaandikwa kwamba mgeni alizama kwa kulewa. Habari za Mwanaarusi hazikuandikwa popote, kwa kuwa hakufa mtoni wala kwenye sherehe.

Ningekuwa nimenyamaza, lakini mto haukunyamaza.

Mafuriko yaliyofuata, sauti ilianza. Daima ni mchana, saa kama tisa, upepo ukikatika. Inaita kutoka ng'ambo pasipo na mtu, na inaita mara tatu. Tatu kamili, za kifua, za mtu aliyezoea kukimbia. Haisemi Godhana kama tunavyosema sisi. Inasema Godana, kama alivyolisema yeye. Bonaya, mzee wetu wa kamba, aliyevuta kivuko tangu ujana, alisikiliza siku ya kwanza akaweka kamba chini.

"Basi," akasema. "Sasa wale wa mtoni wamepata mwenye pumzi. Hesabu yetu haifai tena."

Akaenda zake kwao Wenje. Hajarudi. Na wengine wakaanza kukataa kuvuta maji yakijaa, hata msafiri akiita kumi.

Wasafiri wakalalamika. Novemba ya 1954 Bwana D.O. akaja mwenyewe, yuleyule, na chifu yuleyule, na ubao mpya umeandikwa kwamba kivuko cha serikali kitamjibu kila anayeita, mara ya kwanza, bila kukawia. Tukapangwa mstari tusomewe. Ilikuwa saa tisa. Nikaona upepo umekatika, majani ya matete yametulia.

Ikaita. Moja, mbili, tatu.

Bwana D.O. akatazama ng'ambo, akaweka mkono juu ya macho. Hapakuwa na mtu, na yeye aliona kuwa hapana mtu. Alikuwa ameijua sauti ile, alimsikia yule mtu miaka mitatu.

"Nani yule?" akauliza polepole.

Chifu akadakia haraka, "Msafiri tu, Bwana. Hawa ni wavivu. Godhana! Umesikia amri. Ng'oa kamba, uvuke umlete."

Nikavua kofia.

"Nitavuka, Bwana," nikamwambia D.O. "Siku hizi ruhusa ipo, hata ya kumvusha huyu. Lakini mwaka jana, tarehe mbili Juni, palikuwa na mwanamke hai upande ule, na dresa upande huu, na mimi nilikuwa hapa hapa na kamba hii hii. Nimemuuliza chifu, anasema amri ilitoka kwako. Karani wako nimemuuliza, anasema wewe hukutoa amri yoyote, ni chifu. Mko hapa wote wawili leo, na yule anatusikia. Semeni mbele yake kabla sijavuta: ni nani kati yenu aliyesema mke wangu asivuke?"